Mfunze mtoto gofu, lakini kwanza mfunze kusimama mbali

Mvulana huyo alikuwa na umri wa miaka tisa nilipomwona kwa mara ya kwanza katika kliniki huko Tabaka, kusini magharibi mwa mji wa Kisii. Nyanya yake alimleta kwa sababu ya kikohozi kilichokuwa kikimkosesha usingizi. Kifua chake kilikuwa kikilia kama filimbi. Nilipomwuliza nyanya mtoto hufanya nini baada ya kutoka shuleni, alijibu bila kusita: "Hunisaidia mawe, Daktari."

Wanaoijua Tabaka wataelewa jibu hilo. Huko ndiko yanakochimbwa mawe laini ambayo wengi huyaita mawe ya Kisii, na ndiko yanakochongwa vinyago, sahani, vinara vya mishumaa na mapambo yanayouzwa Nairobi, Mombasa na hata ng'ambo. Wanaume hukata na kuchonga. Wanawake na watoto husugua kwa msasa na maji mpaka jiwe ling'ae. Kazi hii imesomesha watoto wengi. Lakini jiwe linapokatwa kavu hutoa vumbi jembamba kama unga, na vumbi hilo halichagui mapafu ya mkubwa wala ya mdogo. Kwa mtoto mwenye pumu, kama huyu, ni adui mkubwa.

Nilimpa inhela na kumwonyesha jinsi ya kuitumia. Kisha nikatoa ushauri: mtoto akae mbali na vumbi, na kila siku apate saa moja ya kucheza mahali penye hewa safi. Nyanya akatikisa kichwa. "Mpira wa miguu hawezi, Daktari. Akikimbia kidogo tu anakosa pumzi, na wenzake humcheka."

Ndipo mjomba wa mtoto, aliyekuwa amewasindikiza, akasema kwamba yeye hubeba mifuko ya wachezaji katika uwanja wa gofu mjini Kisii, na anaweza kumfunza kijana mchezo huo. Nikasema ni jambo jema. Sikuongeza neno.

Miezi mitatu baadaye walirudi. Kifua cha mvulana kilikuwa kimetulia. Aliyeletwa siku hiyo ni dada yake wa miaka mitano, amefungwa leso kichwani, damu imemtiririka mpaka shingoni. Alikuwa amesimama nyuma ya kaka yake wakati kaka alipoinua fimbo.

"Daktari, ni wewe uliyesema acheze," nyanya aliniambia. Hakuwa na hasira. Alikuwa akisema kweli tu. Nilikuwa nimetoa dawa bila kueleza namna ya kuitumia.

Kwa bahati njema mfupa wa kichwa ulikuwa mzima, na jeraha likashonwa. Makala ya leo, ndugu msomaji, ni yale maelezo niliyopaswa kuyatoa siku ile ya kwanza.

Si mchezo wa matajiri pekee

Wazazi wengi wakisikia neno gofu huwaza magari makubwa, ada za uanachama na wazee wenye vitambi. Wana sababu ya kufikiri hivyo. Mchezo huu uliingia nchini pamoja na wakoloni, na kilabu cha Royal Nairobi kilianzishwa mwaka 1906. Kwa miaka mingi Mwafrika aliingia viwanjani kukata nyasi au kubeba mifuko tu.

Hata hivyo, ni hao hao waliobeba mifuko waliogeuka kuwa wachezaji stadi. Dismas Indiza wa Mumias, mmoja wa wachezaji wa kulipwa wanaojulikana sana nchini, alianza kama mbeba mifuko. Naye Rose Naliaka, mwanamke aliyevuma katika gofu ya Kenya, alianzisha chuo cha kuwafunza wasichana mchezo huo. Kwa hiyo mzazi asidhani kwamba gofu ni ya wavulana peke yao.

Katika mwaka 2016 gofu ilirudishwa kwenye Michezo ya Olimpiki huko Rio de Janeiro baada ya kukosekana tangu 1904. Viwanja navyo haviko Nairobi na Mombasa pekee. Mji wa Kisii una uwanja wa mashimo 9, na Kisumu na Kericho kuna viwanja pia. Lakini kama tutakavyoona, mtoto hahitaji uwanja wowote kati ya hivyo ili aanze.

Faida kwa mwili na akili

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kuwa mtoto wa kati ya miaka 5 na 17 apate angalau dakika 60 za kuutumia mwili wake kila siku. Watoto wetu wa mijini, wanaopelekwa shuleni kwa gari na kurudi kwenye televisheni na simu, wengi hawafikii kiwango hicho. Wa mashambani hutembea sana, lakini kama tulivyoona huko Tabaka, saa zao za jioni huenda zikaliwa na kazi.

Mzunguko wa mashimo 9 ni mwendo wa kilomita tatu au nne kwa miguu, mara nyingi penye vilima na mabonde. Moyo na mapafu hufanya kazi bila kulazimishwa mbio. Ndiyo sababu mtoto mwenye pumu, mtoto mnene, au yule ambaye huchaguliwa wa mwisho katika timu ya mpira anaweza kushiriki bila aibu. Katika gofu mtoto hushindana na mpira na shimo, na jana yake mwenyewe. Akifika shimoni kwa mapigo manane leo na saba kesho, ameshinda.

Ieleweke kwamba gofu ni mwendo wa kiasi tu. Haitoshi peke yake kuujenga mwili. Mtoto bado anahitaji siku za kukimbia, kuruka kamba, kuogelea au kucheza kandanda, kwa kadiri afya yake inavyomruhusu. Mwenye pumu aende uwanjani na inhela yake mfukoni, na aepuke mahali ambapo nyasi zimetoka kukatwa.

Kuna faida nyingine ambayo wazazi hawaijui. Uchunguzi wa madaktari wa macho umeonyesha kuwa watoto wanaokaa nje kwa muda mrefu kwenye mwanga wa mchana hupunguza uwezekano wa kupata tatizo la kutoona mbali. Mtoto anayefuata mpira kwa macho mpaka mwisho wa uwanja anayapa macho yake zoezi ambalo skrini ya simu haiwezi kumpa.

Anza na kopo na mpira laini

Shimo la gofu lina upana wa sentimita 10.8. Kopo tupu la maziwa ya unga lililofukiwa ardhini, mdomo ukiwa sawa na ardhi, linatosha kabisa. Hakikisha tu kwamba kingo zake si kali.

Kwa mtoto wa miaka minne au mitano, mpe fimbo nyepesi na mpira wa tenisi, asukume kuelekea kwenye kopo kutoka hatua mbili tatu. Basi. Dakika kumi na tano zinatosha, na aache angali anautaka mchezo. Akifika miaka sita au saba anaweza kuinua fimbo mpaka usawa wa kiuno na kupiga mpira laini umbali mfupi. Kuanzia miaka tisa au kumi, ikiwa amejifunza kutii kanuni, anaweza kupelekwa uwanjani na mtu mzima akajaribu mashimo mawili matatu. Wazazi wengi huenda kinyume: humpa mtoto fimbo ndefu siku ya kwanza na kumwambia apige kwa nguvu zote.

Fimbo iwe ya kimo chake. Ikisimamishwa mbele yake isipite kitovu. Fimbo ya baba iliyokatwa kwa msumeno hubaki na kichwa kizito cha mtu mzima, na mtoto hulazimika kupinda mgongo ili kuiinua. Mjomba wa yule mvulana alichonga fimbo kutokana na tawi la mpera lililopinda, na ilifaa vizuri kuliko chuma. Kuhusu kushika, mwambie mtoto ashike kama anayeshika kifaranga: asimwachilie, wala asimwumize.

Mpira halisi wa gofu una uzito wa gramu 46 hivi na ni mgumu kama jiwe. Mtu mzima stadi huurusha kwa kasi ya zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Haufai kabisa uani, karibu na madirisha, magari na watoto wadogo. Tumia mpira wa tenisi, wa plastiki wenye matundu, au wa matambara. Nilipokuwa Tabaka niliwaona watoto wakijaribu kupiga mipira iliyochongwa kwa mawe yale laini. Mawe hayo hupasuka yakigongwa, na kipande kikiruka kinaweza kumpofusha mtu. Jiwe libaki kwenye karakana.

Fimbo ndiyo hatari kubwa

Majeraha mabaya zaidi ya gofu kwa watoto hayatokani na mpira. Hutokana na kichwa cha fimbo, na mengi hutokea nyumbani, si kwenye uwanja wa kilabu. Mtoto mmoja anazungusha fimbo, mwingine anakuja nyuma yake kutazama. Anayepiga ameinamisha macho kwenye mpira, hamwoni. Kichwa cha chuma kinaweza kuubonyeza mfupa wa fuvu ndani, na kazi hiyo huhitaji daktari wa upasuaji wa ubongo.

Kwa hiyo somo la kwanza kabisa, kabla ya kushika fimbo, liwe la kusimama. Chora mstari au tandaza kamba hatua tano kutoka mahali pa kupigia, ubavuni mwa mpigaji, pale anapoweza kuwaona wenzake. Wote wanaongojea wakae nyuma ya kamba hiyo. Mtu mmoja tu ndiye awe na fimbo mkononi; nyingine zilale chini. Kabla ya kupiga, mtoto atazame mbele, nyuma na kando. Hakuna anayekimbilia mpira wake mpaka wote wawe wamepiga. Na mchezo ukiisha, fimbo zifungiwe ndani.

Ajali ikitokea, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi kwa dakika kumi mfululizo bila kufunua-funua. Lakini ukiona au ukigusa sehemu ya mfupa iliyobonyea, usiikandamize. Funika kwa wepesi na umpeleke mtoto hospitalini mara moja. Usipake mafuta taa, unga wa kahawa wala udongo. Muulize daktari pia kuhusu chanjo ya pepopunda.

Mpeleke bila kungoja ikiwa alizimia hata kwa muda mfupi, anatapika mara kwa mara, analala na kuamka kwa shida, anapata degedege, anaumwa na kichwa kinachozidi, mboni za macho hazilingani, au maji meupe au damu inatoka puani au masikioni. Dalili hizi zaweza kuchelewa kwa saa kadhaa, kwa hiyo asiachwe peke yake usiku ule.

Ngurumo na jua

Nchi ya Kisii inajulikana kwa radi. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda milima ya Gusii, na mchana ardhi ikishapata joto, mawingu mazito hujengeka. Mara nyingi mvua huja alasiri, yaani saa zile zile watoto wanapotoka shuleni. Mcheza gofu yuko hatarini kuliko wengi: amesimama peupe, mkononi ana kitu kirefu, na mti ulio karibu ndio unaomvuta kwenda kujikinga.

Kanuni ni fupi: ukisikia ngurumo, mchezo umekwisha. Usingoje matone ya kwanza. Weka fimbo chini, usifungue mwavuli, na mwende kwenye nyumba imara au ndani ya gari lililofungwa. Msijikinge chini ya mti. Msirudi uwanjani mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ikiwezekana, panga mchezo uwe asubuhi ya Jumamosi.

Ni vizuri pia kujua kwamba mtu aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Kumgusa si hatari. Akiwa hapumui, kandamiza katikati ya kifua chake kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akitafuta msaada. Wengi wangepona kama wangeshughulikiwa mara moja badala ya kuogopwa.

Kuhusu jua, kofia yenye ukingo mpana na chupa ya maji ni lazima. Baridi ya nyanda za juu hudanganya. Jua la karibu na ikweta huunguza hata pakiwa na ubaridi. Mtoto mwenye ualbino aongeze shati la mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua, na acheze mapema asubuhi au jioni.

Mgongo na viungo

Mifupa ya mtoto ina sehemu laini karibu na viungo ambazo ndizo zinazokua. Kurudia mzunguko ule ule mamia ya mara, upande mmoja, huzichosha. Kanuni rahisi ni kwamba saa za mchezo mmoja kwa wiki zisizidi umri wa mtoto: wa miaka minane, saa nane. Apate angalau siku moja au mbili za kupumzika kila wiki. Kabla ya kucheza atembee haraka kidogo, azungushe mabega na kiuno, na apige mapigo machache ya hewani kwa mkono wa upande wa pili.

Maumivu ya mgongo, kiwiko au kifundo cha mkono kwa mtoto si jambo la kujikaza. Yakidumu zaidi ya wiki, au yakimwamsha usiku, amwone daktari.

Hapa niseme neno kwa wanaowatuma watoto kubeba mifuko ya watu wazima ili wapate pesa. Mfuko uliojaa fimbo waweza kufika kilo 12 au zaidi, na hubebwa kwa bega moja kwa saa nyingi. Uti wa mgongo wa mtoto wa miaka kumi haukuumbwa kwa mzigo huo. Aidha, pesa hizo huwatoa wengi shuleni.

Msimsukume

Wazazi hupenda kutoa mfano wa Tiger Woods, aliyeonyeshwa kwenye televisheni ya Marekani mwaka 1978 akipiga mpira akiwa na miaka miwili. Ni kweli. Lakini Larry Nelson, Mmarekani pia, alianza gofu akiwa na miaka 21 baada ya kutoka jeshini, na alishinda mashindano makubwa matatu ya dunia, yakiwemo US Open ya 1983. Hakuna basi litakalomwacha mtoto wako.

Mimi mwenyewe nilijifunza hili kwa hasara. Kijana wangu alipenda gofu akiwa na miaka saba. Nikafurahi mno. Nikamnunulia fimbo, nikamwekea ratiba, na kila tulipokuwa njiani kurudi nyumbani nikamweleza makosa yake. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa akiumwa na tumbo kila Jumamosi asubuhi. Daktari mzima nilimpima minyoo na kumpa dawa, kumbe ugonjwa nilikuwa mimi. Siku nilipoacha kumsahihisha, tumbo lilipona. Gofu hakuirudia, na simlaumu.

Kwa hiyo, mzazi, muulize mtoto maswali mawili tu baada ya mchezo: "Umefurahia?" na "Utataka kurudi?" Akikosea mara kumi, usiseme kitu, akipata mara moja, mpigie makofi. Acheze pamoja na wenzake wa rika lake. Mwonyeshe heshima za mchezo: kunyamaza mwenzake anapopiga, kuhesabu mapigo yake kwa ukweli hata asipoonwa na mtu, na kumpa mkono aliyemshinda. Mambo hayo atayahitaji hata kama hatashika fimbo tena maishani. Na akisema amechoka na gofu, mwache ajaribu kitu kingine.

Wale wa Tabaka

Nilimtoa yule msichana nyuzi baada ya siku saba. Nilimwomba nyanya yake radhi, kisha nikaketi na mjomba tukaandika kanuni zile kwenye karatasi, moja moja. Nilipopita nyumbani kwao baadaye, nilikuta kamba ya katani imetandazwa kwenye nyasi, kopo limefukiwa mwisho wa shamba la migomba, na mawe yakisuguliwa upande wa pili wa nyumba, upepo unakoelekea, ndani ya karai la maji.

Mvulana alikuwa akipiga. Dada yake alikuwa nyuma ya kamba, kovu dogo juu ya sikio, akingojea zamu yake. Kaka alipoinua fimbo kabla ya kutazama nyuma, msichana alipaza sauti mpaka mimi nikasimama: "Bado! Hujaangalia!"

Kaka akashusha fimbo, akaangalia, ndipo akapiga.